Chou Chiu-lan, Aliyekataa Kuwa Binti wa Kila Mtu

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Mvua inanyesha, kwa hiyo najua mko nyumbani. Punguzeni kelele za masufuria, mnisikilize. Leo tunamkumbuka Chou Chiu-lan. Chou Chiu-lan, afisa wa ustawi wa jamii, aliyepanda na kushuka ngazi za mtaa wa mlimani hapa Keelung kwa zaidi ya miaka thelathini. Amefariki Alhamisi, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka hamsini na minane. Anaagwa kesho.

Tangu Alhamisi simu za studio hazijapumzika. Hata sasa zinaita. Ziacheni ziite. Kila anayepiga analia, na kila anayelia anasema jambo lile lile: "Alikuwa binti yetu." Bibi wa ghorofa ya chini, binti yetu. Mzee wa duka la tambi, binti yetu. Ofisi yake imeleta shada kubwa la maua, na juu yake utepe ulioandikwa kwa wino wa dhahabu: Binti wa Wazee Wote. Nimeuona utepe huo kwa macho yangu, na sitawaficha, umenikera.

Umenikera kwa sababu Chou Chiu-lan alilichukia neno hilo. Narudia: alilichukia. Mwanzoni alilipenda, kama yeyote angelipenda. Lakini miaka yake ya mwisho aliitumia kulikimbia, na alipigwa mawe ya maneno kwa kulikimbia. Habari ya leo ni hiyo. Ni habari ya mwanamke aliyehangaika kuacha kuwa binti wa mzee mmoja, kabla hajafa, ili binti mwenyewe wa mzee huyo arudi kwao.

Chiu-lan alizaliwa hapa hapa, nyuma ya soko. Baba yake alikuwa fundi wa miavuli, na kwa mji wa mvua kama huu hiyo ni kazi isiyokosa wateja. Watoto walikuwa wawili, yeye na dada yake mkubwa, Chiu-feng. Juzi Bi Chiu-feng alitusimulia nyumba yao ilivyokuwa.

"Baba na mama waliweza kununiana hata wiki mbili," alisema. "Na chumba ni kimoja! Mama anasema, 'Chiu-lan, mwambie baba yako wali umeiva.' Baba yuko pale pale, anasikia, pua yake iko juu ya sufuria. Lakini hajibu mpaka Chiu-lan arudie. Ndipo anasema, 'Mwambie mama yako sina njaa.' Mtoto ana miaka sita. Siku moja alishikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa. Nyumba nzima hatukula."

Tulicheka, wasikilizaji, na Bi Chiu-feng mwenyewe alicheka. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa mkubwa, ningeweza kubeba maneno yale. Sikubeba. Yeye alikuwa hajui kukataa."

Basi mtoto huyo asiyejua kukataa alikua, akasoma, akapata kazi ya ustawi wa jamii. Mnategemea nini? Alipewa mtaa wa mlimani, ule wenye ngazi ambazo kijana akizipanda anaomba maji. Wazee wa kule walikuwa hawashuki tena. Chiu-lan ndiye alipanda. Dawa, gesi, barua za serikali, kesi za majirani, yote mikononi mwake. Wakamwita binti. Akafurahi.

Sasa mjueni Mzee Chien. Mzee Chien alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mkewe alifariki zamani kidogo. Goti lake moja ni bovu. Ana mtoto mmoja tu, Su-chu, aliyeolewa Taoyuan, mwendo wa saa moja na kitu kwa basi. Siku mama yake anakata roho, Su-chu alichelewa kufika hospitali. Baba akamwambia mbele ya ndugu wote, "Umekuja kuangalia nini sasa?" Su-chu hakulisahau. Na baba hakuwa mtu wa kusema samahani. Wakawa wanapigiana simu, wanagombana, wanakata.

Na kila walipokata, wasikilizaji wapendwa, Mzee Chien alipatwa na jambo. Kizunguzungu. Balbu imeungua. Redio haisemi. Alimpigia Chiu-lan, na Chiu-lan alipanda. Mzee huyu aliwahi kufungua pampu ya maji akaifunga tena bila kubakiza skrubu, lakini balbu ikiungua alikaa gizani akisubiri binti aje. Mwishowe hata shati la kwenda kliniki alichaguliwa.

Mnajua desturi yetu. Mtu akimpenda mtoto wa mwenzake anaweza kumfanya binti mkavu, binti wa hiari asiyezaliwa nyumbani. Siku moja Mzee Chien alimwambia Chiu-lan, "Kuwa binti yangu mkavu."

Chiu-lan akacheka. "Mzee, mji wenyewe huu haujawahi kukauka. Binti mkavu utamtoa wapi?"

"Wewe ndiye."

Hakusema ndiyo. Lakini hakusema hapana, na kwa Mzee Chien kutosema hapana kulitosha. Kesho yake jirani yake, Bi Kuo, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima.

Sasa nifuateni hapa. Siku ya pili ya Mwaka Mpya ni siku ya mabinti. Hakuna asiyejua. Binti aliyeolewa anarudi kwao, na mumewe, na zawadi, anakula kwa baba yake. Mwaka ule Su-chu hakuwa amesema kama atakuja au hatakuja. Chiu-lan alimwonea mzee huruma. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wameshafariki, siku ile hakuwa na pa kwenda. Akapika supu ya kwato za nguruwe na majani ya haradali, akapanda nayo ngazi kwenye mvua. Mlangoni akavua viatu vilivyolowa. Mzee Chien akampa ndara za ndani, za kitambaa, zenye ua la bluu. Akavaa. Wakakaa mezani.

Saa sita Su-chu akatokea. Alikuja, jamani! Alikuja na mumewe, mumewe amebeba boksi la peasi. Bi Kuo alikuwa barazani, na Bi Kuo mdomo wake hauna kufuli. Akapaza sauti, "Su-chu! Umechelewa tena wewe! Binti wa baba yako ameshafika tangu asubuhi!"

Su-chu akaingia. Akamwona mwanamke mgeni kwenye kiti chake, anamkatia baba yake nyama. Akashusha macho chini akaona zile ndara. Zilikuwa za mama yake.

"Baba," akasema, "naona huna shida. Heri ya Mwaka Mpya." Akaweka boksi chini, akageuka. Mumewe hakuwahi hata kuvua viatu.

Chiu-lan alimkimbilia mpaka kwenye ngazi, bado amevaa ndara zile zile. Hebu fikirieni. Su-chu akamtazama miguuni, akasema, "Zitalowa. Rudi ndani." Miaka mitatu hakukanyaga tena.

Ungemuuliza mtu mwingine, angesema binti ana hasira, ni mambo yao. Chiu-lan naye alijiambia hivyo, mwaka mzima. Akazidisha safari. Mzee Chien naye akazidisha shida. Ndipo ofisi ikawapeleka kwenye mafunzo, na huko akakutana na mwalimu mmoja mfupi, mwanamke, mwenye sauti ya dalali wa mnada.

Mwalimu yule aliwafundisha kuitazama familia kama chandarua: vuta kona moja, kona zote zinasogea. Aliwaambia mteja hategemei peke yake, kuna watu wanaomsaidia kutegemea. Na watu wawili wakishindwa kutazamana, humtafuta wa tatu, wote wakamtazama huyo. Kisha akasema hataki maneno, anataka miili. Kila mmoja achague wenzake, awasimamishe wawe familia ya mteja wake, kila mtu mahali pake.

Chiu-lan akamsimamisha mwenzake mmoja awe Mzee Chien. Mwingine akawa Su-chu, akamweka mbali, karibu na dirisha. Akasema, "Basi, nimemaliza."

Mwalimu akauliza, "Na wewe?"

"Mimi si wa familia."

"Nenda kasimame unaposimama siku zote."

Chiu-lan akaenda. Akasimama mbele ya Mzee Chien, karibu kabisa, mkono begani kwake. Mwalimu akamuuliza yule aliye dirishani, "Unamwona baba yako?"

Yule mwenzake akajibu, "Simwoni. Naona mgongo wa mtu."

Mume wa Chiu-lan, Bwana Lu, fundi wa majokofu, anasema siku ile mkewe alirudi nyumbani hakutaka kuvua koti. Alikaa kwenye kiti akasema, "Nina miaka sita bado. Bado nabeba maneno."

Akaamua kuondoka katikati. Hakusema amtupe mzee, na hilo mlisikie vizuri, kwa sababu ndilo alilosingiziwa. Kila wiki alipanda kumpima presha, hakukosa. Lakini yale mengine aliyasukuma kwa mwenyewe.

"Taa imeungua," Mzee Chien anapiga simu.

"Su-chu anajua?"

"Su-chu ana mambo yake."

"Ana mambo yake, lakini taa ni ya kwao."

"Kwani wewe si binti yangu?"

"Mimi ni afisa ustawi, Mzee. Binti yako yuko Taoyuan."

Mzee anakata simu. Bi Kuo naye anamvizia kwenye ngazi: "We Chiu-lan, mzee anasema tangu uende semina umeanza kuringa."

Chiu-lan akampigia Su-chu, kumwomba msamaha kwa siku ile. Su-chu hakumtukana. Alimwambia jambo ambalo Chiu-lan hakuacha kulirudia: "Dada, nikimpigia baba kumuuliza anahitaji nini, ananijibu wewe umeshafanya. Kila kitu umeshafanya. Nifanye nini mimi, nipige makofi?" Kisha akaongeza, "Mwambie baba kwamba..."

"Hapana," Chiu-lan akasema. "Simwambii. Namba yake unayo."

Su-chu naye akakata simu. Basi akawa na watu wawili wanaomkatia simu, na mtaa mzima unaomsema.

Na ofisini je? Hapa ndipo napandwa na hasira, mnisamehe. Mwaka ule ule alioanza kujitoa, ofisi ilimpa ngao kwa kuwa binti bora wa mlima. Akamwendea mkuu wake, Meneja Weng, akamweleza kwamba ngao hii inausifu ugonjwa wenyewe, kwamba wazee wanaoweza kusimama tunawafundisha kukaa. Meneja Weng akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Bi Chou, mbona unatafuta makosa kwenye sherehe? Wazee wanakupenda. Tabasamu, tupige picha." Picha ile bado iko ukutani pale. Mtazameni uso vizuri, mtaona.

Mwaka jana, kipupwe kikianza, Chiu-lan akaambiwa na daktari ana saratani ya kongosho, na imeshakwenda mbali. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: tunamkumbuka Chou Chiu-lan, afisa ustawi wa mtaa wa mlimani, na sasa tumefika kwenye Mwaka Mpya wake wa mwisho.

Siku ya pili ilikuwa inakaribia. Mzee Chien alishamwambia, "Usisahau majani ya haradali." Chiu-lan akamwendea Bi Kuo, wakazungumza barazani. Bi Kuo mwenyewe ametusimulia, na bado anamshangaa.

"Siku ya pili sitakuja," Chiu-lan alimwambia. "Mchungulie tu kama yu mzima. Lakini usimpe chakula."

"Nisimpe hata supu?"

"Hata supu. Mikate anayo, mayai anayo, hatakufa. Simu anayo."

"Chiu-lan, una roho mbaya wewe."

"Ninayo."

Siku ilipofika, alikaa nyumbani kwake na Bwana Lu. Saa tano simu ikaanza kuita. Ikaita, ikakatika, ikaita. Bwana Lu anasema mkewe aliketi mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri jino ling'olewe.

"Nilimwambia pokea," Bwana Lu alitueleza. "Nilimwambia, mke wangu, wewe mgonjwa, yeye mzee, na leo sikukuu, mnateseka kwa ajili ya nini? Akanijibu, 'Nikipokea leo, atanililia mimi siku ya mazishi yangu, na Su-chu atakuwa bado Taoyuan.' Nikaenda kuosha vyombo visafi."

Halafu simu ikanyamaza. Ikanyamaza kabisa. Chiu-lan akalia wakati huo, siyo kabla. Hakujua kimya kile kina maana gani. Ingeweza kuwa lolote.

Maana yake tumeipata kwa Su-chu. Tulizungumza naye jana.

"Nilikuwa naandaa meza," alisema. "Baba akapiga. Hakunisalimia. Akasema, 'Yule mwanamke wa ustawi amenitupa! Siku ya mabinti, sina hata supu!' Kwanza nilicheka. Halafu nikakasirika. Nikamwambia, si ulisema yeye ndiye binti yako? Akasema, 'Nilikosea. Mhuni tu yule.' Miaka yote ile nilisubiri baba aseme amekosea. Akaja kusema kwa sababu ya supu."

Su-chu alimimina supu yake kwenye chombo, akapanda basi. Alifika jioni. Wakala, baba na binti, na kila kijiko walikiteremsha kwa kumsema Chiu-lan. Anaringa. Ana moyo wa jiwe. Serikali inamlipa kwa kazi gani? Su-chu akakumbuka ndara, akazidisha. Mzee akakumbuka balbu, akazidisha. Walikuwa hawajakubaliana jambo lolote tangu mama afe, na sasa walikuwa wamelipata.

Ofisi zilipofunguliwa baada ya sikukuu, wakaja wote wawili kumshtaki. Mzee Chien, ambaye alikuwa hashuki hata kwa kinyozi, alishuka ngazi zote za mlima, goti bovu na yote, Su-chu amemshika mkono. Wakasimama mbele ya Meneja Weng. Mzee alifoka, binti akafoka, mmoja akichoka mwenzake anapokea. Chiu-lan aliitwa. Alisimama pale ameinamisha kichwa, mwembamba, ugonjwa umeshaanza kumla, na hakuna aliyejua isipokuwa mumewe.

Angeweza kueleza. Alikuwa na maneno yote. Lakini angeeleza, mzee angesema maskini mwanangu, na Su-chu angerudi kuwa mgeni. Akasema tu, "Samahani sana, Mzee. Samahani, Bi Su-chu." Meneja Weng akainama mpaka tai ikagusa meza, akaahidi hatua kali.

Hatua kali zilikuwa hizi. Walimwondoa mlimani, wakampeleka stoo kugawa magongo na nepi za wazee. Yule wa ngao. Baada ya miaka thelathini. Alifanya kazi pale mpaka miguu ilipokataa.

Bwana Lu anasema jioni ile ya mashtaka mkewe aliingia nyumbani na bata bukini mzima wa kuchemsha, wa kwa yule muuzaji wa ghali. Akamuuliza, "Kuna nini? Umepandishwa cheo?"

"Nimeshushwa."

"Sasa bata wa nini?"

"Wamekuja pamoja," Chiu-lan akasema. "Ameshuka mwenyewe. Ameshikwa mkono." Akala vipande viwili tu, tumbo lilikuwa haliruhusu, lakini alikaa anamwangalia Bwana Lu anavyokula, akawa anacheka peke yake.

Basi niambieni, wasikilizaji, nisikereke vipi? Ofisi iliyomtupa stoo ndiyo imeleta shada lenye utepe wa dhahabu. Mlimani wamempeleka msichana mpya, hana hata mwaka kazini, na nasikia ameshaitwa binti na nyumba nne. Anafurahi, na nani atamlaumu? Hakuna aliyemweleza. Aliyeweza kumweleza alikuwa stoo anahesabu magongo.

Jana nilimweleza Su-chu yote haya. Hakuwa anajua. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu mpaka nikadhani amekata, maana ukoo ule kwa kukata simu hawajambo. Nikamuuliza kama baba yake atakuja kesho kuaga. Akasema hapana.

"Baba bado amemkasirikia," alisema. "Kila Jumapili nikienda, anaanza, 'Unamkumbuka yule mhuni wa ustawi?' Tunamsema wee, tukimaliza kumsema tunakula." Sauti yake ikabadilika. "Mimi nitakuja. Lakini baba msimwambie. Mwacheni amkasirikie kwanza. Akiacha, atakuwa amebaki na mimi tu, na sijui kama tumeshakuwa tayari."

Nilimwahidi. Nikamuuliza je, akisikia redioni? Akasema baba yake hasikilizi kipindi chetu, eti tunaongea sana. Bi Kuo, wewe najua unasikiliza. Leo, mara moja tu maishani mwako, funga mdomo.

Bwana Lu, Bi Chiu-feng, na wote mliozaliwa na kuishi naye: pokeeni pole yetu, ya kituo hiki na ya kila nyumba iliyo wazi kwenye masafa haya asubuhi hii. Mliuazima mji mzima mtu wenu, na mji ukamchosha. Alikuwa mke wa Lu Chin-tsai na mdogo wake Chiu-feng. Ninyi ndio wenye haki ya kumlilia, sisi wengine tunawasindikiza.

Na ninyi mnaopiga simu tangu Alhamisi mkiuliza nani atawaletea dawa sasa, nani atawasomea barua, nawauliza swali lililomkosesha usingizi marehemu: ni yupi wa kwenu mmemweka dirishani, anaona migongo tu? Bwana Lu ameniomba niwatangazie jambo moja. Maua yanatosha, msilete mengine. Anayetaka kuja kesho aje na mtu wake wa damu ambaye hawasemezani. Ampigie leo, yeye mwenyewe, asimtume mtu. Na kama mtagombana njiani, njooni hivyo hivyo, mmenuna, mradi mmeingia kwa mlango mmoja.